Kuangalia diski ya jana bila kuivuruga ya leo

Tuanze na mfano wa kubuni, ila si wa ajabu. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kule Tingi, milimani juu ya Ziwa Nyasa, kimeacha daftari kubwa la kaunta na sasa kinaweka kumbukumbu zake kwenye kompyuta. Kila gunia likipanda mizani, karani anaandika jina la mkulima na kilo zake. Kahawa ikishauzwa, malipo yanafuata kilo hizo hizo. Jumatano asubuhi orodha inabandikwa ukutani, na mzee mmoja anamfuata mhasibu: "Mwanangu, mimi nilipima kilo 412. Hapa mmeandika 312." Stakabadhi yake anayo mfukoni. Jirani yake naye analalamika, lakini ya kwake ililowa mvua.

Sasa swali limebadilika. Hatuulizi tena orodha inasema nini, tunauliza ilisema nini Jumapili. Daftari la karatasi lingeonyesha mkwaruzo wa kalamu au doa la kufutia. Kompyuta inafuta bila kuacha vumbi. Lakini kama kumbukumbu hizo zimo ndani ya mashine pepe, na mashine hiyo inachukuliwa snapshoti kila usiku, basi Jumapili bado ipo. Imelala nzima mle ndani, unaweza kuifungua ukaisoma.

Shida iko hapa: njia ambayo watu wengi huikimbilia ili kuifikia Jumapili ndiyo inayoiua Jumatano. Makala hii inahusu njia nyingine, ile ya kuifungua jana pembeni na kuiacha leo ikae ilivyo. Ukielewa snapshoti inafanyaje kazi ndani, njia hiyo haitakusumbua hata kidogo.

Kompyuta ndani ya kompyuta

Mashine pepe, au VM kama mafundi wanavyoiita, ni kompyuta inayoigizwa na programu. Ina prosesa yake, memori yake, diski yake na kadi yake ya mtandao, lakini vyote imevikopa kutoka kwa kompyuta halisi iliyo chini yake. Wazo hili ni la zamani. IBM walilifanyia kazi tangu miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakatangaza mfumo wao wa VM/370. Leo ukilipia seva kwenye wingu, mara nyingi unachopewa ni VM. Na kwenye laptopu yako, programu kama VirtualBox inakutengenezea moja bure.

Kwa mada yetu kuna jambo moja tu la kushika: diski ya VM kwa kawaida ni faili. Ile mashine ya ndani inaamini ina diski ya GB 40. Ukitoka nje ukaangalia kwenye folda, unakuta faili moja kubwa, tuseme kahawa.qcow2. Na faili lina sifa ambayo diski ya chuma haina: unaweza kulinakili, kulifunga lisiandikwe, au kuweka faili jingine juu yake. Hiyo ya mwisho ndiyo siri ya snapshoti.

Karatasi ya nailoni juu ya daftari

Watu wengi wanadhani snapshoti ni fotokopi ya diski nzima. Siyo. Ingekuwa fotokopi, kuchukua snapshoti ya GB 40 kungekula dakika nyingi na GB 40 nyingine. Kwa kweli kunachukua sekunde chache, na mwanzoni hakuna nafasi ya maana inayotumika. Inawezekanaje?

Fikiria daftari la karani. Jumapili saa 2 usiku unasema: kuanzia sasa, hakuna kugusa kurasa hizi. Unalaza karatasi ya nailoni angavu juu ya kila ukurasa. Karani akitaka kubadilisha namba, anaandika juu ya nailoni. Anayesoma kutoka juu anaona maandishi mapya pale yalipo, na pale ambapo nailoni ni tupu anaona ya zamani yaliyo chini. Kwake yeye ni daftari moja tu. Lakini ukifunua nailoni, Jumapili iko pale pale, haina mkwaruzo.

Kompyuta inafanya hivyo kwa vipande. Katika mfumo wa qcow2, unaotumiwa na QEMU kwenye Linux, diski imegawanywa katika vipande vya KB 64 kila kimoja, usipobadilisha ukubwa huo. Diski ya GB 40 ina vipande 655,360. Snapshoti ikichukuliwa, faili la zamani linafungwa na faili jipya, karibu tupu, linawekwa juu yake. VM ikitaka kuandika, inaandika kwenye faili la juu. Ikitaka kusoma, inatazama orodha ya vipande: kama kipande kipo juu, inakisoma hapo, kama hakipo, inashuka chini. Siku nzima ya kazi ikigusa vipande 2,000, faili la juu litakuwa na takriban MB 125. Hiyo ndiyo gharama ya kuikumbuka Jumapili.

Kuna familia ya pili inayofanya kinyume. Snapshoti za kawaida za LVM kwenye Linux haziweki nailoni. Zenyewe zinamwacha mwandishi aandike juu ya ukurasa ule ule, ila kabla hajaandika, maandishi ya zamani yananakiliwa haraka kwenye sehemu ya pembeni. Matokeo kwa msomaji ni yale yale, lakini hatari ni tofauti. Sehemu ya pembeni ya LVM ikijaa, snapshoti inakufa na huwezi kuisoma tena. Kwenye familia ya nailoni, hatari iko chini: mtu akiliandikia faili la chini, hata kidogo tu, kila kitu kilicho juu yake kinakosa maana, kwa sababu nailoni iliandikwa kwa kutegemea ukurasa ule na si mwingine.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, ujue uko kwenye familia gani.

Kitufe kinachoshawishi

Karibu kila programu ya VM ina kitufe cha kurudisha mashine kwenye snapshoti. Mtu anawaza: nirudi Jumapili, nitazame, halafu nirejee Jumatano. Hebu rudi kwenye daftari letu uone kinachotokea. Kurudisha maana yake ni kuivua nailoni na kuitupa. Kila kilichoandikwa tangu Jumapili saa 2 usiku kinaondoka: magunia yaliyopimwa Jumatatu, Jumanne na leo asubuhi, malipo yaliyoidhinishwa, na kumbukumbu za nani aliingia kwenye mfumo saa ngapi. Yaani hata kama kuna mtu alichezea orodha, wewe mwenyewe umemfutia nyayo.

Programu nyingine zina huruma kidogo. VirtualBox, kwa mfano, kabla ya kurudisha inakuuliza kama unataka kwanza kuihifadhi hali ya sasa kwa snapshoti mpya. Ukikubali, umepona. Lakini usiishi kwa kutegemea kisanduku cha kubofya, hasa siku ambayo wakulima wamejaa mlangoni na kila mtu anataka jibu.

Kurudisha kuna mahali pake, pale ambapo leo imeshapotea na huna cha kuokoa. GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya waandishi wa programu duniani kote, iliingia huko Januari 31, 2017. Fundi mmoja, usiku, akiwa amechoka, alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walipotafuta nakala rudufu waligundua kwamba zile za kawaida zilikuwa zikifeli kimyakimya. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM ambayo ilichukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa sababu nyingine kabisa. Walirudi huko, na saa sita za kazi ya watu zikapotea. Wenyewe walikadiria miradi 5,000 hivi, maoni 5,000 na akaunti mpya 700. Walikubali hasara hiyo kwa sababu leo yao ilikuwa imekwisha. Sisi tuliye na Jumatano iliyo hai hatuna sababu ya kuilipa.

Kuifungua Jumapili pembeni

Turudi Tingi. Seva ya chama inatumia QEMU na libvirt kwenye Linux, na snapshoti zinachukuliwa kila siku saa 2 usiku. Ndani ya folda kuna mafaili manne:

kahawa.qcow2
kahawa.jpili
kahawa.jtatu
kahawa.jnne

Hali ya Jumapili usiku iko wapi? Ukijibu kahawa.jpili, umeanguka kwenye mtego unaowanasa wengi. Snapshoti ya Jumapili ilipochukuliwa, faili lililokuwepo lilifungwa na faili jipya likapewa jina la snapshoti. Kwa hiyo kahawa.jpili ni nailoni: ina yale yaliyoandikwa *baada* ya Jumapili saa 2 usiku. Jumapili yenyewe ni kahawa.qcow2. Hali ya Jumatatu usiku unaipata ukifungua kahawa.jpili pamoja na kilicho chini yake. Ya Jumanne usiku ni kahawa.jtatu. Na kahawa.jnne ndiyo leo, inaandikwa hivi sasa unavyosoma. Mafaili ya VMware nayo yana tabia hiyo: lile lenye tarakimu 000001 linabeba mabadiliko yaliyokuja baada ya snapshoti ya kwanza.

Usikisie. Iulize kompyuta ikuonyeshe nani amekaa juu ya nani:

qemu-img info -U --backing-chain kahawa.jnne

Hiyo -U inaruhusu kusoma taarifa za faili ambalo VM inalitumia. Ukishaujua mnyororo, zuia kazi yoyote ya kuunganisha mafaili isiendeshwe mpaka umalize, maana kuna programu za bakapu zinazosukuma nailoni chini usiku bila kuuliza mtu. Halafu, kama nafasi ipo, nakili yale mafaili yaliyofungwa kwenye diski nyingine na ufanye uchunguzi kwenye nakala. La juu kabisa usilinakili hivi hivi wakati mashine inaendelea kuliandika.

Sasa una njia mbili.

Njia ya kwanza: kusoma tu. Unaiunganisha diski ya zamani na kompyuta yako kana kwamba umechomeka fleshi, lakini kwa ruhusa ya kusoma peke yake:

modprobe nbd
qemu-nbd --read-only --connect=/dev/nbd0 kahawa.jpili
mount -o ro,noload /dev/nbd0p1 /mnt/jumatatu

Hapo /mnt/jumatatu unaona mafaili yote kama yalivyokuwa Jumatatu usiku. Neno la kuangalia ni noload. Mifumo ya faili kama ext4 ina daftari dogo la ndani, jonali, ambamo inaandika inachokusudia kufanya kabla ya kukifanya. Ukiipachika diski ambayo haikuzimwa vizuri, Linux inataka kumalizia kwanza kazi zilizobaki kwenye jonali, na kumalizia ni kuandika. Watu wengi wanadhani ro peke yake inatosha. Haitoshi, kwa sababu ro inawazuia watumiaji kuandika, haiuzuii mfumo wenyewe kujitengeneza. Ukiweka noload unauambia: acha kila kitu kama ulivyokikuta. Kwenye XFS neno hilo ni norecovery.

Njia ya pili: nailoni ya kutupa. Njia ya kwanza inafaa kwa mafaili ya kawaida, lahajedwali kwa mfano. Hifadhidata kama PostgreSQL au MySQL haisomeki hivyo. Lazima uiwashe, na ikiwaka inaandika. Basi mpe mwandishi huyo karatasi yake mwenyewe:

qemu-img create -f qcow2 -F qcow2 -b kahawa.jpili uchunguzi.qcow2

Umeweka nailoni mpya juu ya Jumatatu, ukaiita uchunguzi. Tengeneza VM mpya inayotumia faili hilo, iwashe, acha hifadhidata ijirekebishe, uliza maswali yako yote. Kila kinachoandikwa kinaishia kwenye uchunguzi.qcow2. Ukimaliza unalifuta, na Jumatatu haijui kama uliwahi kupita. Tena kahawa.jpili sasa inazo nailoni mbili juu yake, moja inaelekea Jumatano halisi na nyingine inaelekea kwenye meza yako, na hazigusani.

Kwenye VirtualBox unapata matokeo hayo hayo kwa kuichagua snapshoti na kuomba itengenezwe mashine nyingine kutoka hapo. Kwenye wingu, unatengeneza diski mpya kutokana na snapshoti na kuichomeka kwenye seva tofauti. Majina ya vitufe yanatofautiana, wazo ni moja.

Ukiiwasha mashine ya jana, kumbuka haijui kwamba ni ya jana. Itasoma saa, itaona ni Jumatano, na itaamka na kazi zote ilizopangiwa. Kama mfumo wa chama hutuma SMS za malipo, unaweza kuwatumia wakulima ujumbe wenye kilo za juzi huku foleni bado iko mlangoni. Kwa hiyo ondoa kadi ya mtandao ya VM hiyo *kabla* ya kuiwasha. Baada ya kuiwasha ni kuchelewa.

Snapshoti ni kama umeme uliokatika

Kuna jambo moja kuhusu picha hii ya jana ambalo lazima ulipime kabla ya kumwambia mtu "ushahidi ninao". Programu haziandiki kila kitu kwenye diski papo hapo. Zinashika vitu kwenye memori kwanza, halafu zinavishusha kwa mafungu. Snapshoti ya diski peke yake haioni memori. Kwa hiyo diski inayoonekana kwenye snapshoti ya saa 2 usiku ni ile ile ambayo ungeikuta kama umeme ungekatika saa 2 usiku kamili. Gunia lililoandikwa saa 1:59 linaweza lisiwemo, na hakuna aliyeliiba.

Hifadhidata nzuri zimejengwa kuvumilia jambo hili. Muamala ambao zimeshakuthibitishia umekamilika huwa tayari umeshaandikwa diskini, katika daftari lao la miamala, na zikiwashwa zinajirekebisha kutoka hapo. Lahajedwali lililoachwa wazi bila kuhifadhiwa halina uvumilivu huo. Dawa ni kumwambia mgeni aliye ndani ya VM atulie kwanza: kuna kiprogramu kidogo kinachokaa ndani, kinashusha vilivyo kwenye memori, kinasimamisha uandishi kwa sekunde chache, snapshoti inachukuliwa, kazi inaendelea. Kama unapanga snapshoti za kila siku, hili lifanye leo. Siku ya ugomvi huwezi kulifanya kwa Jumapili iliyopita.

Snapshoti inajibu nini, na inanyamaza wapi

Tuseme umefungua zote tatu. Jumapili usiku, mzee ana kilo 412. Jumatatu usiku, 412. Jumanne usiku, 312. Umepata kitu kikubwa: badiliko lilitokea kati ya saa 2 usiku wa Jumatatu na saa 2 usiku wa Jumanne. Toa orodha nzima kutoka Jumatatu na kutoka Jumanne, uzilinganishe mstari kwa mstari kwa amri ya diff, utaona kama ni mzee peke yake au kuna wengine. Yule jirani aliyelowesha stakabadhi sasa naye ana pa kushika.

Lakini snapshoti haikuambii nani, wala kwa nini. Huenda mtu alikata kilo mia kwa tamaa. Huenda karani alikuwa amegonga 4 badala ya 3 Jumamosi, na Jumanne akasahihisha kwa nia njema, na stakabadhi ya mzee imebeba kosa lile lile la kwanza. Ndiyo maana kumbukumbu za kuingia kwenye mfumo ni muhimu, na ndiyo maana kurudisha mashine nyuma kungekuwa msiba: kumbukumbu za Jumanne zimo kwenye nailoni ambayo ungeitupa. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitengeneza mfumo wa ReVirt, ambao ulirekodi kiasi cha kutosha kuweza kuirudia kazi ya VM hatua kwa hatua, hata yale yaliyopita katikati ya picha mbili. Sisi wenye picha moja kwa usiku tuna mapengo ya saa 24, na lazima tuyajaze kwa njia nyingine.

Ukianza kuoanisha kumbukumbu hizo na snapshoti, angalia saa. Seva nyingi hutunza muda wa UTC, na Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Karani anasema "saa 2 usiku", simu inaonyesha 20:00, kumbukumbu za seva zimeandika 17:00, na zote tatu ni dakika ile ile. Ukikosea hapo unaweza kumtuhumu aliyekuwa zamu kwa kitu kilichotokea ameshaenda nyumbani.

Kwa nini "kusoma tu" si urembo

Mtu anaweza kuuliza: kama namba nimeiona, kuna haja gani ya taratibu zote hizi? Haja ni kwamba wewe siye unayetakiwa kushawishika. Anayetakiwa ni mwingine, ambaye hakuwepo na hana sababu ya kukuamini.

Kenya ilionyeshwa uzito wa jambo hili hadharani mwaka 2017. Baada ya uchaguzi wa rais wa Agosti 8, walalamikaji walitaka kuona yaliyomo kwenye seva za tume ya uchaguzi, IEBC. Agosti 28 Mahakama ya Juu iliamuru wapewe nafasi ya kuona sehemu kadhaa za mfumo huo, zikiwemo kumbukumbu za walioingia kwenye seva, kwa ruhusa ya kusoma tu. Amri hiyo haikutekelezwa kikamilifu. Septemba 1 mahakama ilibatilisha uchaguzi, majaji wanne dhidi ya wawili. Katika sababu kamili zilizotolewa Septemba 20, pamoja na mambo mengine, majaji walio wengi walisema kwamba kutofunguliwa kwa seva hizo kuliwaacha bila namna ila kuyakubali madai ya walalamikaji kuhusu mfumo huo. Ona vitu viwili hapo: yaliyoandikwa kwenye seva yalibeba uzito wa nchi nzima, na hata mahakama ilipotaka yaonekane, ilitaka yasiguswe.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama inapoupima inaangalia namna ulivyotengenezwa na kutunzwa, na namna uzima wake ulivyolindwa. Kwa lugha ya kijiweni: utaulizwa, tutajuaje hukuibadilisha wewe?

Jibu lako la kwanza ni hashi. Kabla hujafungua faili lolote lililofungwa, endesha:

sha256sum kahawa.qcow2 kahawa.jpili kahawa.jtatu

Kila faili linakupa alama ya herufi na tarakimu 64. Faili likibadilika hata biti moja, alama inakuwa nyingine kabisa. Ziandike kwenye karatasi, weka tarehe na saa, mtu wa pili atie saini, ikiwezekana mmoja wa wakulima wenyewe. Ukimaliza uchunguzi, endesha amri ile ile tena mbele yao. Alama zikilingana, hakuna anayeweza kusema ulichezea. Na sasa unaona kwa nini noload ni muhimu: bila hiyo, kama faili lingekuwa linaandikika, kitendo cha kulifungua tu kingebadilisha alama.

Kabla hujaondoka

Snapshoti si bakapu. Nailoni na ukurasa wake vinakaa kwenye diski moja. Diski ikifa au ofisi ikivunjwa, Jumapili na Jumatano vinaondoka pamoja. Bakapu inakaa mbali: kama seva iko Tingi, nakala ikae Mbinga au Songea. Wala usirundike snapshoti ukadhani unajenga maktaba. Kila tabaka linaongeza kazi ya kusoma na linaendelea kula nafasi. VMware wenyewe wanashauri snapshoti moja isizidi saa 72, na wanaweka kikomo cha 32 kwenye mnyororo huku wakisema mbili au tatu ndizo zinazofaa. Ukitaka kukumbuka mwezi mzima, tumia bakapu.

Na kumbuka kwamba kinachokumbuka kinakumbuka vyote. Namba ya simu ya mkulima uliyeifuta leo kwa sababu alikuomba bado imo kwenye Jumapili. Tangu Tanzania ilipopata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hilo si la adabu peke yake. Anayeweza kufungua snapshoti anaweza kuona kila kitu kilichowahi kufutwa, hivyo chunga nani ana funguo.

Ukitaka kujaribu, huhitaji seva wala mtandao wa kasi. Weka VirtualBox kwenye laptopu, tengeneza VM ndogo ya Linux, andika faili lenye majina matatu na kilo zake. Chukua snapshoti. Badilisha namba moja, kisha ongeza jina la nne. Sasa jipe kazi: toa namba ya zamani bila kulipoteza jina la nne. Ukiweza, utakuwa umeshaelewa tofauti ya kurudi jana na kwenda kuitazama.